Kula na kunywa Třeboň, mji wa samaki kusini mwa Ucheki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Třeboň ni mji gani, na kwa nini niende huko wakati Praha ina kila kitu?

Ni mji wa watu wapatao 8,000 katika Bohemia ya Kusini, karibu kilomita 25 mashariki ya České Budějovice. Uwanja wake mkuu, Masarykovo náměstí, umezungukwa na nyumba za zamani zenye baraza za matao. Ukiwa na miguu miwili unaumaliza mji wote kwa nusu saa. Kinachofanya watu wasafiri hadi huko ni mabwawa ya samaki. Karne ya 16, ukoo wa Rožmberk, waliokuwa mabwana wa eneo hili, uliamua kugeuza mbuga na matope kuwa mali. Štěpánek Netolický alichimba mfereji wa Zlatá stoka, wa karibu kilomita 48, unaopeleka maji kwenye mabwawa hadi leo. Jakub Krčín akafuata: alijenga bwawa la Svět kati ya 1571 na 1573, palepale ukingoni mwa mji, kisha Rožmberk, lililokamilika 1590. Hili la pili ndilo kubwa kuliko yote nchini, karibu hekta 490.

Kwa hiyo Třeboň samaki hapiti masafa. Ametoka bwawani, akawekwa kwenye matangi ya maji safi, akaja sahanini. Praha utamla samaki huyohuyo, ila kwa bei ya watalii, na pengine ametoka kwenye friza.

Nafikaje?

Kwa treni kutoka stesheni kuu ya Praha, kwa kawaida unabadilisha Veselí nad Lužnicí. Safari nzima huchukua kama saa mbili na zaidi kidogo. Angalia jina la kituo kabla ya kushuka: kuna Třeboň na kuna Třeboň lázně. Hicho cha pili ndicho kilicho karibu zaidi na mji mkongwe. Mwenye gari asome kwanza jibu kuhusu bia na udereva hapo chini.

Huyu kapr ni samaki gani? Nimesikia ana ladha ya tope.

Kapr ni yule yule anayevuliwa pia Ziwa Naivasha nchini Kenya, mnene, mwenye mdomo wenye sharubu fupi. Wa Třeboň hukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuuzwa, akiwa na kilo mbili au tatu hivi. Hula vijidudu vya bwawani, na huongezewa nafaka kama ngano na shayiri. Ndiyo maana nyama yake ina utamu kidogo na imeshikana. Jina la „Třeboňský kapr” limelindwa na sheria za Umoja wa Ulaya tangu 2007: samaki wa kwingine haruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo.

Ladha ya tope ipo kweli, lakini ina sababu na ina dawa. Inatokana na kemikali zinazotengenezwa na mwani na bakteria wa bwawani, ambazo hujikusanya kwenye mafuta ya samaki, hasa maji yakiwa ya vuguvugu. Baada ya kuvuliwa, kapr huwekwa kwenye matangi yenye maji safi yanayotiririka, yanayoitwa sádky. Humo hapewi chakula. Anajisafisha tumbo na nyama. Hatua hiyo ikirukwa, au ikifupishwa, utaonja tope hata mpishi awe bingwa. Limau na kitunguu saumu vitaificha kidogo tu. Ukikutana na kapr wa namna hiyo, kosa ni la aliyemuuza mapema, usimlaumu samaki.

Na miba?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo penye ufundi. Kapr ana miba ya aina mbili. Ya kwanza ni mbavu kubwa za tumboni: unaziona, unazitoa, basi. Ya pili ni vimiba vyembamba vyenye umbo la herufi Y, vilivyozama ndani ya nyama ya mgongoni na ya kuelekea mkiani. Hivi havitoki hata ukitoa minofu kwa kisu kikali.

Wapishi wa Třeboň hawavitoi, wanavikata. Mnofu wenye ngozi hulazwa ngozi ikiwa chini, kisha hukatwa mistari kila baada ya milimita tatu hadi tano, kisu kikifika karibu na ngozi bila kuipasua. Kila kimwiba kinabaki vipande vifupi, na mafuta ya moto huvifanya vikauke na kutafunika. Mistari ikiwa mbali mbali, vipande vinabaki virefu na vitakuchoma. Ukisikia miba mingi mgahawani, tazama upande wa nyama: mistari ikiwa michache, mpishi alikuwa na haraka.

Kwa hiyo, ikiwa hujazoea samaki wa miba, agiza „kapří hranolky” au mnofu ulioandikwa „naříznutý”, yaani uliokatwa mistari. Ukitaka kipande kilichokatwa kwa upana chenye umbo la kiatu cha farasi, kiitwacho podkova, omba cha upande wa mbele, penye tumbo. Cha mkiani waachie wenyeji. Mlishe mtoto kwa vidole vyako mwenyewe, ukipapasa kila tonge.

Menyu ina kapr wa namna tano. Nianze na yupi?

Anza na „kapří hranolky”: vipande virefu vya mnofu, vilivyopakwa unga wenye paprika na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Huuzwa hata kwenye vibanda karibu na bwawa la Svět, na huliwa kwa mkono. Kisha, mezani, mchukue „kapr na kmíně”, anayeokwa kwa siagi na kisibiti, au „na česneku”, wa kitunguu saumu. Hao ndio wanaoonyesha nyama ilivyo.

„Smažený kapr” ni yule wa Krismasi: amevikwa unga, yai na chenga za mkate mkavu, kisha akakaangwa. Wacheki humla usiku wa tarehe 24 Desemba pamoja na saladi ya viazi, na wengi huweka gamba moja kwenye pochi ili fedha zisiwaishie mwakani. Ni mtamu, ila ganda nene huficha ubora wa samaki, kwa hiyo si wa kumpimia mgahawa.

„Kapr na černo” ni mambo mengine: mchuzi mweusi wa bia nyeusi, plamu kavu, lozi, zabibu na mkate wa viungo uliosagwa. Ni mtamu wa sukari, mzito, wa kizamani. Watu ama wanaupenda ama wanaacha nusu sahani. Agizeni mmoja mezani, muonje wote.

Usiache „rybí polévka”, supu ya samaki. Hutengenezwa kwa vichwa, mayai ya samaki na mbegu za samaki dume, karoti na selari, ikawekewa vipande vya mkate vilivyokaangwa. Kichwa lazima kitolewe matamvua na macho kabla ya kuchemshwa. Matamvua yakibaki, supu inakuwa chungu. Ikiwa nzuri, ni nzito, ina rangi ya dhahabu, na bakuli moja na mkate ni mlo wa mtu asiye na njaa kali.

Ukichoka na kapr, kuna candát, mwenye nyama nyeupe isiyosumbua kwa vimiba, na ni ghali zaidi. Kuna pia štika (mtamu, lakini naye ana miba ya Y), lín, na sumec, ambaye ni jamii ya kambare.

Bei kwenye menyu ilikuwa ndogo, bili ikaja kubwa. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa. Samaki mzima mara nyingi huandikwa bei ya gramu 100. Tafuta maneno „cena za 100 g”. Ukiona koruna 95 kwa gramu 100, na samaki aliyeletwa ana gramu 400, bili ni 380. Muulize mhudumu uzito kabla hajapelekwa jikoni. Ni swali la kawaida, halimkwazi mtu. Vilevile, uzito wa nyama au mnofu unaoandikwa kwenye menyu, kama „150 g”, ni wa kabla ya kupikwa.

Jambo la pili: chakula cha kuambatana huenda kina bei yake. Viazi, saladi, hata kikombe kidogo cha mchuzi wa tatarka vinaweza kuhesabiwa kila kimoja peke yake. Na kikapu cha mkate kilichowekwa mezani bila kuombwa si zawadi: utalipia vipande ulivyokula.

Msimu mzuri ni upi?

Kwa samaki, Oktoba hadi Desemba. Ndipo mabwawa yanapofunguliwa milango ya maji na kuvuliwa, kazi inayoitwa výlov. Bwawa kubwa huachwa lipungue kwa wiki kadhaa hadi maji yabaki kwenye shimo la chini mbele ya ukuta. Wavuvi huanza kabla jua halijachomoza: wanaingia kwa mashua zenye vitako bapa, wanapiga maji kwa mafito kuwasukuma samaki, kisha wanavuta nyavu na kuwapanga kwa aina na ukubwa kwenye meza za ufukweni. Uvuvi wa Rožmberk huvuta maelfu ya watu, na kandokando huuzwa supu ya samaki, kapr wa kukaanga na divai ya moto. Ratiba hubadilika kila mwaka, kwa hiyo itafute kabla ya kukata tiketi. Fika mapema na uvae viatu vya mvua na soksi mbili, kwa sababu ukungu wa Oktoba ukingoni mwa bwawa unaingia mifupani. Anayechelewa anaweza kukuta meza zinaoshwa.

Julai na Agosti mji umejaa waendesha baiskeli, vibanda vyote viko wazi, na meza lazima uweke nafasi. Januari hadi Machi ni kimya. Sehemu nyingi hufunga siku za kati ya wiki, na jiko hufungwa mapema.

Nina siku moja tu. Nile vipi?

Weka mlo mkuu mchana, usingoje usiku. Kosa la wageni wengi ni kutembea mchana kutwa kwa keki na kahawa, kisha kutafuta chakula saa tatu usiku na kukuta jiko limezimwa. Siku za kazi, baa nyingi hutoa „polední menu” kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana (mlangoni huandikwa 11:00–14:00): supu na chakula kimoja kwa bei nafuu kuliko menyu ya kawaida. Vizuri huisha mapema. Saa saba na nusu utakuta vimebaki viwili, na vyote ni nguruwe.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Fika saa nne asubuhi, tembea uwanjani na kwenye bustani ya kasri. Saa tano na nusu kaa mezani: supu ya samaki na kapr wa kisibiti. Halafu ondoka mjini kwa Svinenská brána, lango lililo karibu na kiwanda cha bia, upande juu ya ukuta wa bwawa la Svět. Kuna njia ya kulizunguka bwawa, kilomita 12. Ukiwa na tumbo zito, tembea nusu na urudi. Saa tisa au kumi, hranolky kibandani na glasi ndogo ya bia. Jioni, kitu chepesi tu: jibini la kuloweka na mkate.

Wengine huja kwa ajili ya bafu za matope ya mboji, ambazo ndizo zilizoupa mji hadhi ya mji wa tiba. Ukipanga bafu, bia ije baadaye, saa kadhaa baadaye. Joto la matope hushusha shinikizo la damu, na pombe juu yake inaangusha mtu.

Zaidi ya samaki kuna nini?

Kulajda ndiyo supu ya Bohemia ya Kusini: krimu chachu, uyoga, viazi, majani ya kopr (jamii ya shamari), siki kidogo, na yai lililochemshwa bila ganda juu yake. Ipasue yai, uchanganye, ndipo unywe. Ikiwa haina uchachu hata kidogo, mpishi amesahau siki.

Svíčková ni nyama ya ng'ombe kwenye mchuzi wa mboga za mizizi na krimu, ikija na knedlíky, kipande cha limau, beri nyekundu na krimu iliyopigwa. Knedlíky za mkate ni mikate ya kuchemshwa, laini, iliyokatwa vipande vya duara; kazi yake ni ile ya ugali, kubeba mchuzi. Zikija kavu au zimekakamaa pembeni, zimekaa tangu asubuhi.

Halafu kuna vitu vya baa, vya kula na bia bila kushiba sana. Nakládaný hermelín ni jibini laini lililolowekwa kwenye mafuta yenye kitunguu, kitunguu saumu na pilipili. Likibonyea kwa uma limekaa vya kutosha, likiwa gumu katikati ni la jana. Utopenec ni soseji ya nguruwe iliyolowekwa kwenye siki. Bramborák ni chapati ya viazi vilivyokwaruzwa, yenye kitunguu saumu na majani ya marjoramu, na lazima iletwe ikiungua vidole. Asiyekula nyama anategemea smažený sýr, jibini la kukaanga, pamoja na ovocné knedlíky, mikate ya kuchemshwa yenye matunda ndani, ambayo Mcheki huila kama mlo kamili, wala haoni ajabu.

Ile keki ya bomba inayozungushwa juu ya moto, trdelník, ipo pia. Ipite tu, biashara yake ni ya watalii.

Sili nguruwe. Je, nitapata chakula?

Utapata, na Třeboň ni rahisi kuliko miji mingi ya Ucheki kwa sababu ya samaki. Lakini nguruwe hujificha. Orodha ya kuangalia:

- Sádlo ni mafuta ya nguruwe. Hutumika kukaangia bramborák na kapr wa nyumbani, na hutiwa kwenye kabichi iliyochachushwa. Uliza: „Je to na oleji, nebo na sádle?” Mafuta ya mimea ni „olej”.
- Slanina na špek ni nyama yenye mafuta ya nguruwe. Svíčková ni ya ng'ombe, lakini kipande chenyewe mara nyingi huchomekwa vipande vya špek kabla ya kuokwa. Wengi hawalijui hili.
- Supu ya kitunguu saumu, česnečka, mara nyingi huja na paja la nguruwe lililokatwa vipande vidogo.
- Gulaši ya ng'ombe huanzwa kwa kukaanga vitunguu, na mafuta ya kuvikaangia yanaweza kuwa sádlo.

Nyama ya ng'ombe na kuku mjini humo usitarajie kuwa halali kwa kuchinjwa. Kwa hiyo Mwislamu anayezingatia atabaki kwa samaki, mayai, viazi, jibini na mboga. Hata kwa samaki, chunguza mawili: ganda la „pivní těstíčko” limekorogwa kwa bia, na kapr na černo amepikwa kwa bia nyeusi. Usidhani pombe yote imeruka na mvuke, hubaki kiasi.

Kwa wanaoangalia magamba, wakiwemo Wasabato na Mashia: kapr ana magamba. Yule anayeonekana mtupu, lysec, ana magamba makubwa machache mgongoni na ubavuni. Šupináč ana magamba mwili mzima. Candát, štika na lín wana magamba pia, ingawa ya lín ni madogo mno na yamefunikwa na ute. Sumec hana hata moja, basi mwache. Úhoř, mkunga wa maji baridi, waulizeni wanazuoni wenu. Kwa macho ya mpishi ni samaki asiye na magamba.

Jambo jingine linaloshtua: mbwa huruhusiwa kuingia baa na migahawa mingi, wakalala chini ya meza. Ukihitaji kukaa mbali nao, sema mapema unapoweka nafasi.

Bia ya hapa ni ipi, na hizo nyuzi 10° na 12° ni kiasi cha pombe?

Kiwanda cha mji ni Regent, chenye historia inayorudi nyuma hadi 1379, na bia yake hupatikana karibu kila baa mjini, nyeupe na nyeusi. Baa nyingine huuza pia Budvar ya České Budějovice.

Nyuzi si pombe. Zinaonyesha kiasi cha sukari na vitu vingine vya kimea vilivyokuwamo kwenye maji kabla ya kuchachuka. Bia ya 10°, inayoitwa desítka, huwa na pombe ya karibu asilimia 4. Ya 12°, dvanáctka, karibu asilimia 5. Kwa kapr wa kukaanga, desítka inatosha: nyepesi, chungu kidogo, inakata mafuta. Bia nyeusi ina utamu, na mahali pake ni kwenye mchuzi mweusi au pamoja na jibini.

„Velké” ni nusu lita, „malé” ni mililita 300. Povu si wizi. Bia ya pipa huja na povu zito la vidole viwili au vitatu, ambalo huilinda isipoteze gesi, na glasi hujazwa kwa kuzingatia mstari uliochorwa juu yake. Mwambie mhudumu akupunguzie povu, atakutazama kama uliyemwomba apunguze chumvi baharini. Kinachostahili malalamiko ni bia isiyo na povu kabisa: glasi ilikuwa na mafuta, au bomba halijasafishwa.

Septemba na Oktoba utaona burčák, divai changa ambayo bado inachachuka, ikiuzwa kwenye chupa za plastiki. Ni tamu kama juisi na inalewesha taratibu bila kujulisha. Usikaze kifuniko na usiilaze kwenye begi: gesi haina pa kutokea, chupa itapasuka.

Dereva ni sifuri. Sheria ya Ucheki hairuhusu kiwango chochote cha pombe kwa anayeendesha gari. Baiskeli nayo, ukishakunywa, isukume kwa mkono.

Nikaeje baa ya Kicheki bila kujiaibisha?

Ingia, sema „Dobrý den”, jitafutie kiti. Meza yenye kibao cha „Rezervé” iache. Ikiwa meza zote zina watu lakini viti vipo, uliza „Je tu volno?”, kisha kaa; kushiriki meza ni kawaida, na si lazima mzungumze.

Mhudumu ataweka mbele yako kikaratasi kigumu cha duara cha kuwekea glasi. Mara nyingi ataacha pia kipande cha karatasi, na kila bia akichora mstari mmoja. Hiyo ndiyo hesabu yako. Usiichoree, usiikunje, usiipoteze. Katika baa za kizamani, glasi ikikaribia kuisha nyingine huletwa bila kuulizwa. Ukitosheka, sema „Už ne, děkuji”, au weka kile kikaratasi kigumu juu ya glasi. Kukaa kimya ni kuagiza.

Mkigonga glasi, mtazamane machoni na mseme „Na zdraví”. Usimimine mabaki ya glasi ya zamani kwenye mpya. Kwao ni uchafu.

Nisiyekunywa pombe ninywe nini?

Kofola, kwanza kabisa. Ni soda nyeusi ya Chekoslovakia iliyoanza 1960, yenye ladha ya mitishamba na sukari pungufu kuliko soda za kola zilizozoeleka. Iombe „točená”, yaani ya bomba, ya chupa si sawa. Kuna malinovka, soda nyekundu ya rasiberi, na mošt, juisi ya tufaha iliyokamuliwa. Bia ya „nealko” inaruhusiwa kuwa na pombe hadi nusu asilimia, kwa hiyo anayejiepusha kabisa asiinywe.

Maji: ukisema „voda” tu, huenda ukaletewa ya gesi. Yasiyo na gesi ni „neperlivá”. Maji ya bomba ni salama kunywa, lakini mgahawa hauna wajibu wa kukupa bure.

Chai huja kama maji ya moto na kifuko pembeni, na limau. Ukitaka maziwa, sema „s mlékem”, na utapewa kidogo ya baridi. Chai ya tangawizi na maziwa ya kuchemsha pamoja usiitafute. Kahawa ya „turek” ni unga uliomwagiwa maji ya moto kikombeni, subiri dakika tatu machicha yashuke, na usimalize kikombe.

Nalipaje, na bakshishi ni kiasi gani?

Sema „Zaplatím”. Mhudumu ataongeza hesabu mezani na kuuliza kama mnalipa pamoja („dohromady”) au kila mtu yake („zvlášť”). Bakshishi ni kukuza hadi namba nzuri, au asilimia 10 kama umehudumiwa vizuri. Haiachwi mezani: unataja jumla unayotaka kulipa. Bili ni 364, unampa noti ya 500 na kusema 400, anakurudishia 100. Ukisema „děkuji” wakati unampa noti, anaweza kuelewa kwamba chenji ni yake.

Fedha ni koruna. Kadi zinapokelewa mahali pengi, lakini vibanda vya ukingo wa bwawa vinaweza kutaka taslimu. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikukokotolee kwa sarafu ya benki yako, kataa na uchague koruna.

Naweza kupika kapří hranolky nyumbani?

Ndiyo, mradi upate kapr. Kwa watu wanne:

1. Kilo moja ya minofu yenye ngozi, magamba yakiwa yameparuzwa. Ilaze ngozi chini, kata mistari kila milimita tatu hadi karibu na ngozi.
2. Igawe vipande vya upana wa sentimita moja hadi moja na nusu, ukifuata upande uleule wa mistari.
3. Tia chumvi vijiko viwili vya chai, weka kwenye friji nusu saa, kisha futa maji kwa karatasi. Kipande chenye maji hurusha mafuta na ganda lake hutoka.
4. Changanya unga wa ngano gramu 150, paprika tamu vijiko viwili vya chakula na kisibiti kilichosagwa kijiko kimoja cha chai. Viringisha vipande, kung'uta unga unaozidi.
5. Kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika nne au tano, vipande vichache kwa wakati mmoja.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara. Ukijaza sufuria, joto linashuka, unga unanyonya mafuta na vipande vinalegea. Ukipika kwa moto mkali mno, paprika inaungua na kuwa chungu kabla miba haijakauka. Na ukiondoa ngozi, vipande vinasambaratika, kwa sababu ngozi ndiyo iliyokuwa inavishika pamoja.

Nibebe nini nikirudi?

Kapr wa kuvutwa kwa moshi, aliyefungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, anauzwa kwenye maduka ya samaki mjini. Anahitaji baridi njia nzima, kwa hiyo nunua siku ya kuondoka na si ya kufika. Oplatky, biskuti nyembamba za duara za miji ya tiba, hazihitaji baridi, ila huvunjika, zibebe mkononi. Bia ya chupa iende kwenye begi la mzigo, imefungwa ndani ya nguo, na mwenye kwenda nchi za Ghuba asiibebe kabisa.